Virginia au Plymouth: koloni lipi uanze nalo?

Mwalimu mwenye vipindi viwili, au mwanafunzi anayedaiwa insha ya kurasa kumi, hawezi kuyabeba makoloni yote ambayo Waingereza waliyaanzisha ng'ambo ya Atlantiki, huko Amerika Kaskazini. Atachagua moja, na kwa kawaida huangukia Jamestown ya Virginia (1607) au Plymouth ya New England (1620). Shida ni kwamba wengi huchagua kwa kufuata hadithi: huku kuna Pocahontas, binti wa mtawala wa wenyeji, kule kuna karamu ya mavuno. Hadithi zote mbili ni nyembamba. Swali lenye nyama zaidi ni hili: Waingereza walihitaji nini kutoka kwa wenyeji, na hitaji hilo lilipobadilika, wenyeji walijibu vipi? Ukilishika hilo, tofauti za makoloni haya mawili zinajitokeza zenyewe, na unajua lipi linafaa kwa kazi yako.

Kwanza, mitego miwili ambayo imeharibu insha nyingi.

Mtego wa majina: "Powhatan" lilikuwa jina la mji, la watu, na pia jina la utawala la mtu aliyeitwa Wahunsenacawh. "Massasoit" ni cheo cha mkuu wa Wawampanoag, wenyeji wa pwani ya Plymouth. Mwenye cheo aliitwa Ousamequin. Jina "Wahindi Wekundu" la vitabu vya zamani ni heri uliache kabisa, maana linawatia Wapamunkey wa Virginia na Wanarragansett wa New England kapu moja, ilhali siasa zao hazikugusana.

Mtego wa tarehe: Waingereza wa wakati huo walitumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 10, na mwaka wao mpya ulianza Machi 25. Mkataba wa Plymouth, kati ya walowezi na Ousamequin, ulifanyika Machi 22, 1621. Shambulio kubwa la wenyeji huko Virginia lilitokea Machi 22, 1622. Ni mwaka mmoja kamili kati ya mambo hayo mawili, bahati iliyoje kwa mwalimu anayetafuta mlango wa kuingilia somo. Lakini katika nyaraka za wakati ule utakuta 1620 na 1621, kwa kuwa Machi 25 ilikuwa haijafika. Chagua hesabu moja ya miaka, uitamke mwanzoni, kisha usiiache.

Nchi iliyojaa na kijiji kilichobaki mifupa

Waingereza 104 hivi, wanaume na wavulana pekee, walishuka Jamestown Mei 1607 wakiwa wametumwa na Kampuni ya Virginia ya London, yenye hati ya mfalme ya 1606. (Msomaji wa Kenya anaijua zana hii ya hati ya kifalme: ndiyo waliyopewa Kampuni ya Imperial British East Africa mwaka 1888.) Nchi waliyoingia ilikuwa na jina, Tsenacommacah, na ilikuwa na mwenyewe. Wahunsenacawh alitawala makabila yapatayo 30, watu wanaokisiwa kufika 14,000 au 15,000, akiwa na makao yake Werowocomoco kando ya mto unaoitwa York leo. Alipowaona wageni hawa hakuona watawala. Aliona kabila dogo jipya lenye vyuma vizuri, linaloweza kuwekwa chini yake kama mengine.

Plymouth ni habari nyingine. Kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na meli za wavuvi na wafanyabiashara yalifyeka pwani ya Wawampanoag. Abiria 102 wa meli ya Mayflower walipofika mwishoni mwa 1620 walijenga juu ya kijiji cha Patuxet, ambacho hakikuwa na mtu hata mmoja. Mashamba yalikuwa yamekwisha kufyekwa, maji yako karibu, na mifupa ya wenyewe ilikuwa juu ya ardhi bila wa kuizika. Mtu wa Patuxet aliyewafaa sana, Tisquantum, alikuwa hai kwa sababu tu nahodha Thomas Hunt alimteka mwaka 1614 na kumpeleka kumuuza Málaga, Hispania. Alipitia London na Newfoundland, na aliporudi kwao mwaka 1619 hakukuta wa kumpokea. Kiingereza chake kilichowashangaza wageni alikipata kwa njia hiyo.

Kwa hiyo ukitaka kufundisha dola ya wenyeji ikikutana na kampuni ya wageni uso kwa uso, Virginia ndiyo mahali pake. Ukitaka kuonyesha maradhi yakitangulia jeshi, chukua Plymouth.

Mahindi: yalivyopatikana na yalivyokosekana

Jamestown ilichaguliwa kwa ulinzi dhidi ya meli za Wahispania: mahali pa chini, kina kirefu cha maji kando ya ukingo, rahisi kufunga meli. Kwa afya ya watu palikuwa pabaya. Maji ya mto pale huchanganyika na chumvi ya bahari, hasa kiangazi mto unapopungua, na uchafu wa ngome ulirudi kwenye maji yaleyale. Kuhara damu na homa ya matumbo vikafuata. Juu ya hayo, pete za miti ya kale ya eneo hilo zinaonyesha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa ya ukame mkali kuliko yote kwa karne kadhaa. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Huandika kwamba walowezi walikufa njaa kwa uvivu, au kwamba wenyeji waliwanyima chakula kwa chuki. Wenyeji wenyewe hawakuwa na ziada. Kumuomba mtu mahindi ya mbegu katika mwaka wa ukame ni kumuomba watoto wake.

Biashara ilikuwa ya shaba nyekundu kwa mahindi. Shaba ilikuwa mali ya machifu, adimu, na Wahunsenacawh aliigawa ili kuwashika watu wake. Kisha mabaharia wakaanza kuuza shaba kwa siri usiku, nje ya bei ya kampuni, na John Smith, kiongozi wa walowezi, akalalamika kwamba kilichonunuliwa kwa wakia moja sasa hakipatikani hata kwa ratili nzima. Shaba ilipokuwa rahisi, Wahunsenacawh akataka panga na bunduki. Smith alipoanza kuchukua mahindi kwa vitisho, mtawala akahama Werowocomoco mwaka 1609 na kufunga biashara. Katika majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 ngome yenye watu wapatao 300 ilibaki na 60 hivi. Wanaakiolojia wamefukua pale mifupa ya msichana wa miaka kama 14 yenye alama za visu zinazothibitisha kwamba aliliwa. Juni 1610 waliosalia walikuwa tayari melini wakirudi kwao walipokutana na meli za gavana mpya, Lord De La Warr, zikiingia na chakula na askari. Agosti hiyo askari hao waliteketeza mji wa Wapaspahegh, kabila jirani, wakawaua watoto wa chifu ndani ya maji na baadaye mama yao kwa upanga. Ndoa ya Pocahontas na mlowezi John Rolfe ya Aprili 1614, ambayo wengi huanza nayo, ilikuja baada ya haya yote, na bibi harusi alikuwa mateka tangu 1613.

Plymouth nao walizika nusu ya watu wao majira ya baridi ya kwanza, na walianza vibaya pia: Novemba 1620, huko Cape Cod, walifukua maghala ya wenyeji na kuchukua mahindi ya mbegu. Lakini masika ya 1621 Tisquantum aliwafundisha kupanda mahindi kwenye vituta na kuzika samaki ndani yake, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa imechoka. Matokeo yameandikwa: kama ekari 20 za mahindi zilikubali, na kati ya ekari 6 za shayiri na njegere, shayiri ilikuwa ya wastani na njegere zikaungua na jua zikiwa kwenye maua. Zao la kigeni lilishindwa na zao la mwenyeji likawavusha. Mfano mzuri kuliko huo wa maarifa ya wenyeji huupati Virginia.

Ousamequin alikuwa na hesabu zake. Watu wake walikuwa wamepungua mno, na jirani zake Wanarragansett, ambao maradhi yale hayakuwagusa, walikuwa wakimtoza ushuru wa utii. Alihitaji bunduki upande wake. Ndiyo maana mavuno ya 1621 alikuja na wanaume 90, nao wakawinda na kuleta kulungu watano: huo ulikuwa ugeni wa mshirika wa kijeshi, na kuuita chakula cha jioni cha marafiki ni kuupunguza.

Tumbaku upande mmoja, shanga na ng'ombe upande wa pili

Hapa ndipo penye moyo wa ulinganisho.

Virginia ilihitaji mahindi kwa miaka michache tu. Kuanzia 1612 Rolfe alijaribu mbegu ya tumbaku laini kutoka upande wa Karibea badala ya ile kali ya wenyeji. Mwaka 1617 zilisafirishwa kama ratili 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1620 zilikuwa zinapita milioni moja. Tumbaku huchosha shamba kwa misimu mitatu au minne, kisha ardhi huachwa miaka mingi. Tangu 1618 kampuni ilitoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye nauli yake imelipwa, na aliyelipa nauli ndiye aliyezichukua. Tajiri aliyeleta watumishi kumi wa mkataba alijipatia ekari 500. Piga hesabu hiyo kwenye kingo za mito, ambako wenyeji walikuwa na mashamba yao, na huhitaji maelezo mengine ya vita. Mwenyeji hakuwa tena muuzaji wa chakula. Alikuwa mtu aliyekaa mahali panapotakiwa.

Opechancanough, aliyeshika uongozi baada ya Wahunsenacawh kufa mwaka 1618, aliliona hilo. Machi 22, 1622 watu wake waliingia kwenye makazi asubuhi kama kawaida, wengine wakiwa na vitu vya kuuza, wakaua watu 347 kati ya 1,240 hivi. Hakufuatilia pigo kwa sababu, kwa desturi ya vita vyao, pigo la namna hiyo humfundisha mgeni akae mahali pake au aondoke. Waingereza walilisoma kama ruhusa ya kuchukua kila kitu. Mwaka uliofuata waliwaita wenyeji kwenye mazungumzo ya amani na kuwanywesha divai yenye sumu. Kampuni ilipoteza hati yake mwaka 1624 na Virginia ikawa mali ya mfalme. Opechancanough, akiwa mzee sana, alipiga tena Aprili 1644, akakamatwa mwaka 1646 na kupigwa risasi mgongoni na askari aliyekuwa akimlinda.

New England ilikwenda polepole zaidi kwa sababu mwenyeji alibaki na faida kwa muda mrefu. Plymouth ilikuwa na deni kwa wafanyabiashara wa London, na lililipwa kwa ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, ambazo wawindaji wenyeji ndio walioleta. Mwaka 1627 Mholanzi Isaack de Rasieres aliwauzia Plymouth shanga za wampamu za pauni 50 hivi. Shanga hizo, nyeupe na zambarau, zilichongwa kutoka magamba ya kome wa pwani ya kusini. Ziliwachukua miaka miwili kuuza, halafu zikawa hazitoshi. Walioshika pwani ya shanga, wakiwamo Wapequot, wakawa shabaha. Mei 26, 1637 Waingereza, pamoja na washirika wao Wamohegan na Wanarragansett, waliichoma ngome ya Mystic ikiwa na watu ndani. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 400 na 700, wengi wao wanawake na watoto. Mkataba wa Hartford wa 1638 ulikataza hata jina la Pequot lisitamkwe. Anayeifundisha Plymouth kama miaka 50 ya amani amelifunika hili, na ndilo kosa kubwa kuliko yote upande wa New England.

Baadaye biva wakaisha mitoni, na shanga, zilizokwisha kuwa nyingi kwa vyombo vya chuma, zikafutwa kama fedha halali huko Massachusetts mwaka 1661. Chifu mwenye deni alibakiwa na kitu kimoja cha kuuza: ardhi. Wakati huohuo walowezi kama 20,000 walikuwa wameshaingia katika miaka ya 1630 na mifugo yao. Ng'ombe na nguruwe waliachwa wazunguke, na mashamba ya wenyeji hayakuwa na uzio. Juni 1675, katika mazungumzo na John Easton wa Rhode Island, watu wa Metacom, mtoto wa Ousamequin, walisema kwamba hata walipohama maili 30 kutoka kwa Waingereza mahindi yao hayakupona. Walilalamikia pia pombe iliyotangulia sahihi za kuuza ardhi, na mahakama ambazo hazikuuamini ushahidi wao. Siku chache baadaye vita vilianza. Zaidi ya nusu ya miji ya Waingereza ilishambuliwa. Metacom aliuawa Agosti 12, 1676, kichwa chake kikawekwa juu ya mti Plymouth kwa miaka mingi, na mkewe na mwanawe wakatekwa na kuuzwa utumwani.

Mikataba ya kuwekwa mezani

Kama lengo lako ni wanafunzi kusoma hati wenyewe, kila upande una moja inayofaa, na hazifundishi kitu kimoja.

Mkataba wa Plymouth wa 1621 unafaa kwa kufundisha shaka. Upo katika taarifa iliyochapwa London mwaka 1622 na katika kumbukumbu za gavana William Bradford, na maandishi hayo hayakubaliani. Taarifa ya 1622 inasema wenyeji waache pinde wanapowatembelea Waingereza, na Waingereza waache bunduki wanapokwenda kwao. Bradford ameacha nusu ya pili. Sharti jingine, kwamba mwenyeji atakayemdhuru Mwingereza apelekwe kwa Waingereza kuadhibiwa, halina mwenzake kwa Mwingereza atakayemdhuru mwenyeji. Wape wanafunzi maandishi yote mawili bila maelezo na uwaachie dakika 15. Wataliona wenyewe.

Mkataba wa Virginia wa Oktoba 1646, na Necotowance aliyemrithi Opechancanough, unafaa kwa kufundisha maana ya kushindwa. Kila mwaka, wakati wa bata bukini kuondoka, mtawala atoe ngozi 20 za biva kwa gavana. Ardhi kati ya mito ya York na James ikafungwa kwa wenyeji, na aliyeingia bila ruhusa aliweza kuuawa. Mjumbe aliyetumwa kwa halali alivaa koti la kitambaa cha mistari ili asipigwe risasi. Koti hilo moja linaeleza mengi kuliko aya tatu za kitabu. Kufikia 1669 hesabu ya serikali ya Virginia ilipata wapiga mishale 725 tu katika makabila yote iliyoyahesabu.

Utumwa, na sauti za wenyewe

Kwa anayeunganisha somo hili na Afrika, Virginia iko mbele. Agosti 1619 meli ya White Lion ilifikisha Point Comfort Waafrika ishirini na kitu, walioporwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Wengi wao yaelekea walikuwa watu wa Ndongo, wasemaji wa Kimbundu, lugha ya Kibantu. Hesabu ya watu ya 1625 inamtaja mwanamke aliyeandikwa Angelo, ambaye watafiti humwita Angela, ndani ya Jamestown yenyewe. Ila usidhani New England ilikuwa safi: mwaka 1638 meli ya Desire iliyokuwa imepeleka mateka wa Kipequot kuuzwa Karibea ilirudi Boston na Waafrika.

Kwa ushahidi ulioandikwa na wenyeji wenyewe, New England inashinda bila ubishi. Mmisionari John Eliot alichapa Biblia nzima kwa lugha ya huko mwaka 1663, na kazi hiyo isingewezekana bila wenyeji kama Wowaus, mpanga herufi wa Kinipmuc aliyejulikana kama James Printer. Kusoma kulienea, na zimebaki hati za ardhi na wosia walizoandika wenyewe kwa lugha yao. Kwa msingi wa maandishi hayo Wawampanoag walianza mwaka 1993 kuifufua lugha iliyokuwa imepoteza wasemaji. Virginia ina orodha za maneno tu, za Smith na William Strachey. Pengo hilo huzibwa kidogo na akiolojia: ngome ya 1607 iliyodhaniwa kumezwa na mto iligunduliwa kuanzia 1994, na Werowocomoco ikatambuliwa mwaka 2003. Smith mwenyewe mtumie kwa tahadhari. Maelezo yake ya 1608 hayamtaji Pocahontas akimwokoa na kifo; hadithi hiyo ilichapwa 1624, wakati Pocahontas na baba yake walikuwa wameshakufa.

Na Pennsylvania?

Wengine huitaka kwa sababu mwanzilishi wake, William Penn, aliwalipa Walenape ardhi yao kuanzia 1682. Ni chaguo zuri kwa insha fupi kuhusu udanganyifu wa vipimo. Mwaka 1737 wanawe walitoa hati waliyodai ni ya 1686, inayowapa ardhi ya umbali wa mwendo wa mtu kwa siku moja na nusu. Njia ilifyekwa kabla, wakimbiaji watatu wakaajiriwa, mmoja akafika maili 65 hivi, kisha mstari wa kurudi mtoni ukachorwa kwa pembe iliyoongeza eneo. Zikaondoka kama ekari milioni 1.2. Zaidi ya hapo, kwa miaka ya mwanzo ya makoloni, Pennsylvania imechelewa mno kukufaa.

Ukiwa na vipindi viwili, basi

Chukua Virginia. Miaka 39, kuanzia 1607 hadi 1646, ina mwanzo, kati na mwisho, na chanzo cha ugomvi kinaonekana kwa hesabu ya ekari na ratili bila kuhitaji nadharia. Kipindi cha kwanza kiishie kwenye njaa ya 1610. Cha pili kianze na mbegu za Rolfe. Mwenye muhula mzima, au anayeandika tasnifu, achague New England, lakini asianze kabla ya 1616 wala asiishie kabla ya 1676, na Mystic iwe katikati. Akikosa nafasi ya kufika 1676, ni heri arudi Virginia kuliko kuikata Plymouth kwenye karamu.

Virginia ina faida moja ya ziada darasani. Wapamunkey na Wamattaponi bado wapo, bado wana ardhi waliyotengewa karne ya 17, na kila mwaka mwezi Novemba hupeleka kulungu kwa gavana huko Richmond kutimiza mikataba ileile. Picha za hafla hiyo hutolewa kila mwaka. Anza na moja, kisha uliza darasa kwa nini mtu anapeleka mnyama mlangoni kwa gavana.